Bustani ya misheni na mfereji wake: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka mteremko wa Kilimanjaro

Kisa hiki kinahusu kufufuliwa kwa bustani ya zamani ya kituo cha misheni ili iwe mahali pa watu wa kijiji kukutana. Jina la kijiji, dhehebu na majina ya wahusika yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya kamati za makanisa, serikali za vijiji na wataalamu wa ardhi wanaoombwa ushauri katika kazi za namna hii, ambazo zimeanza kuwa nyingi sasa kwa kuwa vituo vingi vya misheni vimetimiza au vinakaribia kutimiza miaka mia moja na thelathini.

Usuli

Wamisionari walianza kukaa Kilimanjaro katika miaka ya 1880. Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society, shirika la wamisionari la Uingereza) walifungua kituo Moshi mwaka 1885, Mapadre wa Roho Mtakatifu wakajenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani wakaanza kazi mwaka 1893. Karibu kila kituo kilikuwa na bustani, kwa sababu isiyo na mafumbo: watu waliotoka Ulaya walitaka mboga walizozizoea, na walihitaji mahali pa kujaribia mimea migeni kabla ya kuisambaza. Kahawa aina ya arabika iliingia mlimani kwa njia hiyo, ikikuzwa kwanza katika mashamba ya misheni, kabla wakulima wa Kichaga hawajaifanya zao lao wenyewe na kuunda chama chao cha wakulima, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), mwaka 1925, kisha ushirika wao wa KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union) mwaka 1933.

Bustani inayozungumziwa hapa ilikuwa na sehemu tatu. Kulikuwa na kitalu cha mibuni na miti ya matunda, matuta ya mboga yaliyojengewa kingo za mawe kufuata mteremko, na kipande kidogo cha maua mbele ya nyumba ya wamisionari. Maji yake yalitoka katika mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga unaochepushwa kutoka mtoni juu na kuteremshwa vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, kwa zamu. Mfongo huo ulikuwapo kabla ya misheni. Ulichimbwa na ukoo mmoja wa pale, na wamisionari waliomba zamu ya maji kama alivyoomba mkazi mwingine yeyote. Habari hiyo haikuwamo katika kumbukumbu za kanisa. Ilikuwa kwa wazee wa mfereji, na ndiyo iliyokuja kuamua mwelekeo wa mradi mzima.

Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule ya misheni iliyokuwa jirani na bustani ilichukuliwa na serikali. Kanisa lilibaki na bustani, lakini hakuna aliyekuja kupima mpaka kati ya eneo la shule na eneo la kanisa, na kwa kuwa wote walijuana, hakuna aliyeona haja. Katika miongo iliyofuata mikaratusi ilipandwa kandokando ya mfereji kwa ajili ya kuni na nguzo. Matuta ya mboga yaliota mabingobingo, na wanawake wa vitongoji vya karibu wakawa wanakuja alfajiri kukata majani ya ng'ombe. Asiyeyajua maisha ya huko anaweza kulipita jambo hilo bila kulitilia maanani. Kihamba ni kidogo, ng'ombe hufungiwa bandani, na mzigo wa majani usipopatikana karibu huna budi kuufuata tambarare na kupanda nao mlima ukiwa kichwani. Kwa hiyo eneo ambalo kamati ililiita pori katika barua zake zote lilikuwa, kwa kaya kadhaa, ndilo shamba la malisho.

Mlolongo wa matukio

Wazo lilizaliwa mwezi Desemba, wakati wenyeji wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Mmoja wao alikuja na nakala ya picha ya enzi za Wajerumani inayoonyesha bustani ikiwa na njia zilizonyooka, vitanda vya waridi na wamisionari wawili wamesimama karibu na birika la mawe. Picha ilisambaa katika kundi la WhatsApp la wanaukoo na waumini, michango ikaanza kuingia siku hiyohiyo, na kabla ya mwaka mpya kamati ilikuwa imeundwa. Wajumbe wake wengi walikuwa watu wanaokaa mjini. Katibu peke yake ndiye aliyekuwa mkazi wa kijiji mwaka mzima.

Mpango wao ulikuwa kurudisha bustani ile ile ya pichani: vitanda vya maua, nyasi fupi za ukoka, viti vya zege, kibanda cha kupigia picha za harusi karibu na ukingo wa kijito, uzio wa waya na geti lenye kiingilio kidogo cha kulipia mtunza bustani. Vibarua waliingia Januari, katikati ya kiangazi, wakafyeka eneo lote kwa mkupuo mmoja. Mabingobingo yaling'olewa na mizizi yake. Pamoja nayo uling'olewa mstari mrefu wa masale uliokuwa umezama vichakani upande wa mashariki, ambao msimamizi wa vibarua, aliyetoka wilaya nyingine, aliuona kuwa ua uliochakaa.

Wachaga hupanda masale kwenye mipaka na makaburini, na jani lake hupelekwa kwa mtu kuombea msamaha. Mstari ule ulikuwa mpaka kati ya ardhi ambayo mangi, yaani mtawala wa Kichaga, aliwapa wamisionari na kipande ambacho ukoo jirani, kwa maelezo yake, uliwaazima tu. Siku ya tatu baada ya masale kung'olewa, wazee wanne wa ukoo huo walifika kwa mchungaji wakiwa na shina moja lililokauka, wakaliweka mezani na kuuliza ni nani aliyeamua kuufuta mpaka. Dai lililokuwa limelala kwa vizazi vitatu liliamka asubuhi hiyo.

Kamati iliendelea na kazi, ikiamini kwamba suala la mpaka lingemalizwa na wanasheria. Ukoka ulipandwa Februari na kumwagiliwa kila siku kwa mpira uliochovywa moja kwa moja mferejini, bila kujali zamu. Wakulima wa chini walianza kukuta mfereji mkavu siku zao zilipofika. Machi mvua za masika zilianza, na udongo uliokuwa umeshikiliwa na mizizi ya mabingobingo kwa miaka mingi uliporomoka juu ya kingo za mawe. Sehemu ya kingo zenyewe zilianguka, tope likajaza mfereji kwa urefu mkubwa, na viti vya zege vya safu ya kwanza vikazama hadi kwenye makalio.

Geti lilikwisha fungwa kwa kufuli. Njia ya mguu iliyokuwa ikikatiza bustani kutoka shuleni kwenda zahanati iliishia kwenye waya, na haikupita wiki mbili kabla waya haujakatwa mahali palepale ilipokuwa njia. Kamati iliandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji kulalamikia uharibifu. Jibu la wazee wa mfereji lilitangulia jibu la mwenyekiti: walifunga mlango wa maji wa kuelekea bustanini kwa mawe na udongo, na kutangaza kwamba hautafunguliwa mpaka kamati ije kuketi nao.

Maamuzi na sababu zake

Kazi ilisimama kwa miezi kadhaa. Katika kipindi hicho kamati ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kwenda mahakamani kuhusu mpaka na kuchimba kisima ili kuachana na mfereji. Ya pili, kuacha mradi na kurudisha fedha zilizobaki. Ya tatu, kukaa na wazee wa mfereji, ukoo unaodai na wanawake wa majani, kisha kuanza upya. Wachangiaji wa mjini walipendelea kisima. Katibu, kwa kuungwa mkono na mchungaji, alishikilia njia ya tatu, kwa hoja kwamba bustani ya kukutania watu haiwezi kuanza kwa kushtakiana na watu wale wale wanaotarajiwa kukutana ndani yake. Naona hoja hiyo ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote zilizotolewa, ingawa wengi katika kundi la WhatsApp waliipokea kama udhaifu.

Suala la mpaka lilishughulikiwa kwanza. Mchungaji mwenyewe alipeleka jani la sale kwa mzee wa ukoo, akifuatana na wazee wawili wa kanisa, na kuomba radhi kwa kung'olewa kwa mstari. Baada ya hapo ndipo mazungumzo yalipofika Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Makubaliano yalikuwa mafupi: mstari wa masale upandwe upya palepale ulipokuwa, kipande cha mashariki kibaki wazi kwa matumizi ya wote bila jengo lolote, na upande wowote usikiuze wala kukikodisha. Umiliki wa kipande hicho haukuamuliwa. Wapo wanasheria watakaosema huko ni kuahirisha tatizo, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini pande zote mbili zilipata walichokuwa wakikihitaji hasa, nao ni kwamba mwenzao asijenge.

Uamuzi wa pili ulihusu mpangilio wa kazi. Fedha zilizobaki zilielekezwa kwenye mfereji kabla ya kitu kingine chochote. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, uliitishwa na wazee wa mfereji wenyewe, wala si kanisa, na kila kaya inayotumia maji ilitoa mtu. Waliondoa tope, wakajenga upya kingo kwa mawe yale yale yaliyoporomoka, wakalizibua na birika la zamani ili lijazwe usiku, wakati maji hayana mwenyewe, na bustani inywe asubuhi bila kugusa zamu ya mtu. Kwa kufanya hivyo bustani ilirudi katika nafasi yake ya awali, ya mtumiaji mmoja miongoni mwa wengi, mwenye zamu, wajibu wa kuzibua na faini akikosa.

Wanawake wa majani walikuwa na ombi lililoandikwa katika muhtasari kwa sentensi moja, nalo likaleta suluhisho la udongo. Walitaka mabingobingo yarudishwe kwenye kingo za matuta. Mtaalamu wa kilimo wa kata alikubali mara moja, maana majani hayo yakipandwa kwa mstari kwenye ukingo hushika udongo vizuri kuliko ukoka, na yakikatwa mara kwa mara huchipua na kunenepa. Kila mstari ulipewa kaya yake ya kuukata na kuutunza. Geti lilibaki, kwa sababu ya mbuzi, lakini kufuli liliondolewa, na njia ya kwenda zahanati ikawekewa mawe na kuwa njia kuu ya bustani.

Kibanda cha harusi kiliondolewa katika mpango kwa sababu nyingine kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji, na mahali palipochaguliwa palikuwa hatua chache tu kutoka kijitoni. Hakuna aliyekuwa amepima. Mikaratusi nayo ilikubaliwa iondolewe, kwa kuwa inanyonya maji ya mfereji, lakini kwa awamu, kila inapokatwa michache ipandwe miti ya asili ya mringaringa na mruka mahali pake, ili ukingo usibaki uchi katika masika yajayo.

Palikuwa pia na mjadala kuhusu ulinzi wa kisheria wa mahali penyewe. Baadhi ya wajumbe waliamini kwamba kitu chochote cha misheni ni mali ya kale na serikali itakilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Vituo vyote vya Kilimanjaro ni vya baadaye, kwa hiyo havilindwi mpaka vitangazwe rasmi. Kamati iliamua kutokwenda njia ya kutangazwa kwa sasa. Badala yake birika, kingo za mawe, mistari ya masale na miparachichi mikongwe viliorodheshwa katika muhtasari uliotiwa saini na kanisa, serikali ya kijiji na wazee wa mfereji, pamoja na sharti kwamba hakuna kitakachobomolewa bila kikao cha pande zote tatu.

Matokeo

Bustani sasa inatumika kila siku. Wanafunzi hukaa ndani yake wakisubiri masomo ya jioni, vikundi vya vikoba vina siku zao za kukutana, wagonjwa wanaotoka zahanati hupumzika, na baada ya ibada ya Jumapili watu hubaki hadi saa nane. Maharusi huja kupiga picha bila kulipa kiingilio; wanaombwa mchango, na wengi hutoa. Suala la mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko suala la bajeti, na likamalizwa kwa namna ambayo kila mkazi wa mlimani ataielewa: hairuhusiwi kuuzwa, na hakuna anayefunua kibuyu cha mtu kuangalia kilichomo.

Vitanda vya waridi havikurudi. Kuna viwili vidogo karibu na geti, vinavyotunzwa na mama mmoja kwa hiari yake.

Viti vya zege vilivyonusurika havikaliwi sana. Vilipangwa kwa safu, vyote vikitazama mahali ambapo maua yangekuwa, na anayekaa hapo humwona jirani yake kisogoni. Watu wamehamia kwenye ukingo wa birika na kwenye mizizi ya mruka mkubwa, ambako wanaweza kukaa wakitazamana, miguu ikiwa karibu na maji. Fundi mmoja aliyeliona hilo aliongeza mawe bapa pembeni mwa birika bila kuagizwa na kamati, na hapo ndipo vikao vya kijiji vinapofanyika sasa.

Uchambuzi

Kosa la msingi la awamu ya kwanza lilikuwa kuifanya picha kuwa ramani ya kazi. Picha ile ilipigwa na mtu aliyetaka kuonyesha kwao Ulaya jinsi kituo kilivyopendeza, kwa hiyo iliacha nje ya fremu mfereji, kitalu, njia ya watu na watoto wa shule waliokuwa wakibeba samadi. Wazee waliohojiwa baadaye, ambao baba zao walisoma pale, hawakukumbuka waridi kama kitu chao. Maua yalikuwa ya nyumba ya wamisionari na hayakuguswa. Walichokikumbuka ni miche ya kahawa iliyotoka pale kwenda vihambani, na maji. Kurudisha kitanda cha maua peke yake kungekuwa kurudisha sehemu pekee ya bustani ambayo kijiji hakijawahi kuwa nayo.

Inafaa kutazama pia kalenda. Fedha ziliingia Desemba na zikatumika Januari kwa sababu waliochanga walitaka kuona kazi kabla ya kurudi mjini. Kufyeka mteremko wakati wa kiangazi, miezi miwili kabla ya masika, ni jambo ambalo mkulima yeyote wa pale angelikataa kama angeulizwa. Katika awamu ya pili upandaji ulifanyika mwanzoni mwa masika, kipande baada ya kipande, na hakuna ukingo ulioanguka. Hata hivyo tatizo la kalenda halijaisha: michango bado huja Desemba, ilhali nyasi hukua Machi hadi Mei na ndipo mtunza bustani anapohitaji vibarua. Kamati imejaribu kugawa fedha kwa robo za mwaka, na mara moja tayari robo ya Aprili ililiwa na gharama za paa la kanisa.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuiweka bustani chini ya taratibu za mfereji badala ya kuundia taratibu mpya. Kamati za mapambo hufa pale wanaozijali wanapohama au kuchoka. Wazee wa mfereji wana zamu, faini na siku ya kuzibua, mambo ambayo yalikuwapo kabla ya misheni na yamedumu baada ya wamisionari kuondoka, na kwa kuwa kila kaya inahitaji maji, kila kaya ina sababu ya kufika. Lakini taratibu hizo zina mipaka yake. Baraza la wazee wa mfereji ni la wanaume watupu, na ombi la wanawake kuhusu mabingobingo lilifika mezani kwa sababu tu katibu aliwaita yeye mwenyewe. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayohakikisha kwamba wataitwa tena.

Makubaliano ya mpaka yanastahili kutazamwa kwa uangalifu na yeyote anayetaka kuyaiga. Yamefanya kazi kwa sababu kipande chenyewe ni kidogo, hakina thamani kubwa ya biashara, na walioshuhudia bado wako hai. Barabara ya lami ikifika, kama inavyosemwa, thamani ya ardhi itabadilika na sentensi inayokataza kuuza bila kutaja mmiliki itajaribiwa. Ushauri uliotolewa kwa kijiji ni kuufanyia upimaji mstari wa masale na kuuingiza katika mpango wa matumizi ya ardhi. Hadi sasa fedha za upimaji hazijapatikana, na mwenyekiti wa kijiji anasema zitatoka kwenye mauzo ya mikaratusi ya awamu inayofuata, ambayo kanisa nalo limeshaipangia choo cha bustani.